Mama Wadudu na Chupa ya Dirishani

Ukitaka kumuudhi Mama Wadudu, mwambie mtambo wake unanuka. Hatakutukana, maana si mtu wa matusi. Atakushika mkono, akupitishe nyuma ya safu ya mwisho ya nyumba, muiname chini ya kamba za nguo zinazodondosha maji shingoni, mpaka kwenye geti la waya. Huko atakusimamisha ukingoni mwa tanki kubwa linalofoka mapovu na kukuambia, "Haya, vuta pumzi. Vuta kabisa, usinifanyie ya wizi. Unasikia harufu gani?"

Wengi huvuta kidogo, macho wameyafumba kama wanaonyweshwa dawa chungu. Kisha hufumbua jicho moja. Harufu yenyewe ni ya udongo, udongo wa shamba lililonyeshewa jana. Hapo Mama Wadudu hukuachia mkono, hujishika kiuno, na kama bado hujasema neno la sifa atakusubiri mpaka ulipate.

Wapo wanaosema anajisikia. Acha ajisikie. Maji ya vyoo, ya mabafu na ya masinki ya mtaa mzima hupita mikononi mwake, na upande wa pili hutoka maangavu, yakachujwa kwenye kitalu cha matete, yakaenda kumwagilia nyasi za uwanja wa watoto na maua ya kando ya njia. Mtu anayefanya hivyo kila siku ya Mungu, na bado akapata nafasi ya kuchana nywele, ana haki ya kutembea kifua mbele.

Alipoletwa mtaani akiwa bibi harusi, nyuma ya nyumba hizo hizo palikuwa na mfereji mweusi. Mashimo ya vyoo yalijaa, gari la kunyonya lilikuja lilipojisikia, na mvua ikinyesha watu waliruka madimbwi huku wameziba pua na viganja. Mwanawe wa kwanza alilazwa kwa kuhara akiwa hajaanza hata kutambaa. Akapona, lakini mama mtu hakusahau jinsi kile kichwa kidogo kilivyokuwa kimelegea mkononi mwake. Kwa hiyo mtambo ulipojengwa, na yule fundi wa kwanza alipopata kazi kwingine, na mwenyekiti wa mtaa alipouliza mkutanoni nani yuko tayari kufundishwa kazi ile, watu wote wakawa wanatazama viatu vyao. Mkono mmoja tu ulinyooka, nao ulikuwa wake yeye, ambaye wakati huo alikuwa dobi wao.

"Nguo zenu chafu nimeshazifua," alisema. "Haya mengine ni maji tu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Ila mtu mmoja hakucheka, naye ni mama mkwe wake.

Mama mkwe huyu, ambaye mtaa wote humwita Mama Kinyozi kwa sababu mwanawe ndiye kinyozi wao, ni mwanamke wa kujitunza. Hatoki nje bila kunyoosha gauni, na vikombe vyake vya wageni huvifunika kitambaa hata kama wageni hawatarajiwi. Kusikia mke wa mwanawe anakwenda kuchunga mavi ya watu kulimkata maini. Alilala na kanga usoni siku nzima. Alipoinuka, alitangaza kwamba yeye hana ugomvi na mtu, ila chai ya mikono ile hatainywa, na tangu siku hiyo akawa anajichemshia yake kwenye sufuria yake mwenyewe.

Kinyozi, katikati ya wanawake wawili, alichagua kunywa chai zote mbili. Kazini kwake alikuwa mkali zaidi. Mteja mmoja aliwahi kumuuliza kwa kejeli, "Kinyozi, mkeo leo amekuletea manukato gani?" Kinyozi akasimamisha wembe chini ya kidevu cha yule bwana na kusema kwa upole, "Rudia tena kaka, sikukusikia vizuri." Yule bwana hakurudia, na tangu hapo maswali ya namna hiyo yalikuwa yanaishia mlangoni.

Jina la Mama Wadudu walimpa watoto, kwa sababu ya mahubiri yake. Hakuna aliyeponea mahubiri hayo. Ndani ya tanki lile kubwa, alikuwa akisema, wanaishi wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, na wao ndio wanaokula uchafu. Yeye kazi yake ni kuwatunza tu: wapate hewa kutoka kwenye mashine inayonguruma usiku na mchana, wapate chakula, na chakula ndicho hicho mnachokiflashi chooni. Watu waliitikia "ehee" huku wakitafuta njia ya kuondoka. Walielewa kwamba mtambo unasafisha maji, na hilo liliwatosha.

Afya ya wadudu hao aliipima kwa chupa. Ilikuwa chupa pana ya kioo, zamani ilikuwa ya asali. Kila asubuhi aliijaza maji ya tope kutoka tanki la hewa, akaipangusa nje vizuri, akaiweka kwenye dirisha la jikoni mahali mwanga unapopita. Halafu anakunywa chai yake bila haraka. Wadudu wakiwa wazima hushikamana na tope, tope likashuka lote kwa pamoja, likatulia chini, na maji ya juu yakabaki maangavu kiasi cha kuona nyumba ya pili kupitia humo. Hapo Mama Wadudu huvaa buti zake akiimba. Lakini maji yakibaki na ukungu, hunyamaza, na siku hiyo hamna wa kumsemesha.

Mama mkwe aliichukia chupa hiyo kuliko kitu chochote ndani ya nyumba.

"Wenzetu dirishani wanaweka maua," alikuwa akisema, akimwambia sufuria yake.

"Mama, imefunikwa."

"Hata jeneza hufunikwa."

Na dada yake mkubwa, aliyeishi mbali, alipompigia simu kujua habari za nyumbani, Mama Kinyozi aliongea kwa sauti ya juu, "Mkwe wangu? Yuko ofisi ya maji. Ndiyo, ofisini. Ana mambo mengi, wee acha tu." Dada akiuliza ni ofisi gani, mtandao ulianza ghafla kukatika. Mama Wadudu aliyasikia hayo kutoka jikoni na kujitia hamnazo. Lakini yalikuwa yanamuuma. Alikwishazoea kuchekwa na watu wa nje, ila kufichwa na watu wa nyumbani hakukuzoea.

Basi siku moja mwenyekiti akaita watu uwanjani. Ni mstaafu wa posta, mtu wa kutamka kila neno kama linagongwa muhuri. Akatangaza kwamba mamlaka ya maji itakagua mitambo yote midogo, na zamu ya mtaa wao ni Ijumaa ya wiki ya pili baada ya hii. Mkaguzi atachota maji yanayotoka na kuyapeleka kupimwa.

"Tukifaulu, mtambo utapewa kibali. Tukifeli," akasema, akameza mate, "unafungwa. Turudi kwenye mashimo na gari la kunyonya."

Vichwa vyote vikamgeukia Mama Wadudu. Akasimama, buti zikiwa bado miguuni.

"Waje hata kesho," alisema, akakaa.

Nyuma kidogo, mwanamke mmoja akamnong'oneza jirani yake, "Ona mtaa wetu ulivyowekwa mikononi mwa dobi." Hakujua kwamba aliyekaa mbele yake, na gauni lililonyooshwa, ni Mama Kinyozi. Mama Kinyozi hakugeuka, lakini masikio yalimwaka moto. Mkwe huyo alikuwa wake kumsema. Wengine walipewa ruhusa na nani? Alirudi nyumbani akiwa amekaza mdomo, na usiku wote alikuwa anapanga. Kwa mara ya kwanza tangu mtambo ujengwe, alitaka mkwe wake ashinde.

Jumamosi iliyofuata Mama Wadudu alikwenda mjini kutafuta mkanda wa mashine ya hewa, kwa kuwa wa zamani ulikuwa umeanza kulia. Alizunguka maduka ya vipuri hadi alasiri, akaupata, akarudi akiwa ameuvaa begani kama mkoba. Alipoingia mtaani alikaribishwa kwa vicheko. Wanawake walimpungia mikono kutoka madirishani. Mmoja akamwambia, "Dada, leo tumekusaidia kazi, utatushukuru!" Akacheka nao bila kujua anacheka nini. Kisha upepo ukageuka, na mtaa mzima ukamnukia dawa ya choo, ile kali inayochoma macho.

Mguu mmoja ukabaki hewani. Halafu akaanza kukimbia.

Povu lililokuwa tankini lilikuwa jeupe, limepanda hadi ukingoni kama sufuria ya maziwa iliyoachwa jikoni. Alichota maji kwa chupa nyingine ya kioo aliyoiweka pale mtamboni. Rangi ya kahawia aliyoizoea ilikuwa imegeuka kijivu. Akainusa, na badala ya udongo akasikia hospitali. Akaiweka juu ya ukuta na kuisubiri, akiiambia, "Shuka. Shuka basi." Tope halikushuka. Lilielea vipande vipande, na maji yakabaki meupe mithili ya maji ya kuoshea mchele.

Kabla ya kulia alifunga koki inayopeleka maji kutoka tanki la kwanza, lile la kupokelea, kwenda tanki la hewa, ili sumu iliyobaki njiani isizidi kuingia. Mikono ilifanya kazi hiyo yenyewe. Alipomaliza ndipo akakaa chini kwenye saruji, mkanda mpya bado uko begani, akalia kama mtu aliyefiwa.

Nyumbani alimkuta mama mkwe amekaa mezani, birika mbele yake, vikombe viwili vya wageni vimefunuliwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Mama Kinyozi kummiminia mkwe wake chai kwa mikono yake.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Nimepita nyumba zote mwenyewe. Kila mwenye choo amemwaga dawa, chupa nzima, wote kwa pamoja saa ya adhuhuri. Masinki, mabafu, kote. Na Jumamosi ijayo tunarudia. Huyo mkaguzi akija atakuta maji yako yananukia. Wakuite dobi tena, tuone."

Mama Wadudu alisimama mlangoni. Alitaka kupiga kelele, lakini uso wa yule mama ulikuwa unang'aa kwa namna ambayo hakuwahi kuiona.

"Mama," alisema. "Umewaua."

"Nani?"

"Wadudu wangu. Wote."

"Si ndiyo vizuri? Wadudu si ndio uchafu wenyewe?"

"Wao ndio wanaokula uchafu, mama. Mimi siwaui. Nawalisha, nawapa hewa. Dawa ya nyumba moja wanaivumilia, lakini ya mtaa mzima kwa mpigo mmoja..."

Mama Kinyozi alishika birika, akaliachia. Mng'ao ule ulitoka usoni mwake taratibu.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani kazi yako ni kuua. Kumbe unafuga."

Mama Wadudu akatikisa kichwa kukubali.

"Mbona hukuniambia?"

"Mama, nilikuambia. Kila siku nilikuambia. Ulikuwa unaongea na sufuria."

Chai ikapoa. Hatimaye Mama Kinyozi akauliza kwa sauti ndogo, "Mfugaji ng'ombe wake wakifa wote, anafanya nini?"

"Anaomba mbegu kwa jirani."

"Basi kaombe."

"Jirani mwenyewe ni fundi wa chuo, mama."

Hapa inabidi ieleweke mambo yalivyokuwa. Kule chuoni, ng'ambo ya kilima, kulikuwa na mtambo kama huu, na fundi wake alijiona mfalme wa maji taka. Mwaka mmoja wote wawili walikutana kwenye semina, na Mama Wadudu, kichwa kikiwa kimemvimba kwa sifa, alimwambia mbele za watu kwamba tope lake linanuka mayai viza. Tangu hapo hawakusalimiana. Sasa tope la fundi huyo ndilo pekee lililo karibu, hai, lenye wadudu wa kutosha kujaza tanki lililokufa. Mama Wadudu alijikaza kisabuni, kesho yake asubuhi akaenda.

Fundi wa chuo alimsikiliza hadi mwisho, mikono kifuani. Alimshika mkono, akampeleka ukingoni mwa tanki lake, akasema, "Vuta pumzi."

Mama Wadudu akavuta.

"Vuta kabisa, dada, usinifanyie ya wizi. Unasikia harufu gani?"

"Udongo," alisema Mama Wadudu, na neno hilo lilimtoka kwa shida kama jino.

"Sikukusikia."

"Udongo, bwana! Udongo mzuri tu!"

Fundi akaangua kicheko, cha kwake kikamponyoka Mama Wadudu naye, na wakacheka hadi wakashika reli ya tanki. "Chukua unalotaka," alisema fundi. "Ningekuwa mimi, ungenipa. Ungeninyanyasa kwanza, lakini ungenipa."

Tope lilisafirishwa kwa lori la maji taka, ambalo dereva wake alilisuuza mara kadhaa kwa sababu Mama Wadudu alipanda juu, akaingiza pua kwenye tundu, akamrudisha akasuuze tena. Lile tope lililokufa walikwisha kulipampu kwenye vitanda vya mchanga vya kukaushia tope. Lile hai likamwagwa, mashine ya hewa ikiwa na mkanda wake mpya ikanguruma, na kazi ikageuka kuwa ya kulea mgonjwa. Maji ya mtaa sasa yalitakiwa kuingia kidogo kidogo, kama uji kwa mtu aliyetoka homa. Kwa siku kadhaa watu walipaswa kutumia maji kwa kubania sana, la sivyo tanki la kwanza lingefurika. Dawa zote zilikatazwa, na kufua kukasimamishwa. Nani angewaambia hayo watu ambao juzi tu waliambiwa wamwage?

Mama Wadudu alikuwa anafunga kamba za buti aende mwenyewe nyumba kwa nyumba. Mama mkwe akamwekea mkono begani.

"Wewe kaa na wagonjwa wako. Mdomo uliowaambia wamwage ni huu."

Akanyoosha gauni, akatoka. Katika kila mlango alisema yale yale, bila kuinamisha macho: "Jumamosi niliwaambia mmwage dawa. Nilikosea, na nimemuulia mkwe wangu mifugo yake yote. Sasa nawaambia msimwage kitu. Anayetaka kufua, aanze na mimi." Wengine walikasirika, wakasema wanachezewa. Yule mwanamke wa kunong'ona mkutanoni alijaribu kulalamika kuhusu mashuka yake. Mama Kinyozi akamwambia mashuka ya mtu hakuna mwingine anayekwenda kuyaangalia, alale tu.

Na hakuishia kwenye maneno. Alichukua kigoda chake, akakaa chini ya kamba za nguo kutwa nzima, na ole wake atakayetundika hata soksi mbichi. Mtaa ukavaa mashati yaliyokunjamana. Mabafuni watu waliogea ndoo nusu. Kinyozi aliacha kuosha vichwa vya wateja na kuvipangusa kwa kitambaa kikavu, na kila aliyelalamika aliambiwa, "Muulize mama yangu, yuko pale kwenye kamba."

Kila asubuhi chupa ilikwenda dirishani. Siku za mwanzo maji yalibaki na ukungu, na Mama Wadudu akawa anakunywa chai kwa kimya, macho yamemwingia ndani. Hofu yake haikuwa ya kazi. Alikuwa anauona ule mfereji mweusi, na kile kichwa kidogo kilicholegea, ila safari hii kilikuwa cha mtoto wa mtu mwingine. Mama mkwe naye alianza kupita jikoni mara nyingi kuliko kawaida. Alikuwa anajifanya anatafuta kijiko, huku anaichungulia chupa kwa pembe ya jicho.

Asubuhi moja Mama Wadudu aliiweka chupa dirishani, akarudi mtamboni, akachelewa kidogo huko. Aliporudi alikuta mama mkwe ameinama mbele ya dirisha, pua karibu iguse kioo.

"Njoo," alisema bila kugeuka. "Wanashuka."

Tope lilikuwa linashuka. Lilishuka pamoja, polepole, kama blanketi linalotandikwa, na juu yake maji yakaanza kufunguka. Wanawake wawili walisimama bega kwa bega, hakuna aliyethubutu kusogea, mpaka ile nyumba ya pili ilipoonekana ndani ya chupa, na mlango wake, na mtu aliyekuwa anapiga mswaki barazani. Mama Kinyozi akashusha pumzi ndefu. Kisha akamimina chai kutoka birika la mkwe wake, akainywa yote.

Mkaguzi alikuja Ijumaa kama ilivyosemwa. Alikuwa binti mchangamfu mwenye buti za mpira, aliyeijua kazi yake vizuri. Alivuta pumzi kabla hajaambiwa, jambo lililomfurahisha sana mwenyeji wake. Alichota maji ya mwisho kwenye chupa zake ndogo, akazipanga ndani ya sanduku la barafu, halafu akauliza mbele ya mwenyekiti na watu wote waliokuwa wamejazana getini, "Je, karibuni mlipata tatizo lolote?"

Mwenyekiti alikagua kucha zake. Mama Wadudu alifungua mdomo, kwa sababu hakupenda kusema uongo kuhusu tanki lake, lakini pia hakutaka kumtia aibu mtu wa nyumbani kwake. Kabla hajapata la kusema, sauti ikatoka nyuma ya geti.

"Lilikuwepo," alisema Mama Kinyozi. "Mimi ndiye tatizo. Niliwaua wadudu wake wote kwa dawa ya choo, kwa ujinga wangu, nikidhani namsaidia. Amewafufua. Andika hivyo hivyo, binti yangu, na kama kuna adhabu, mimi naishi nyumba ile pale yenye mapazia ya bluu."

Mkaguzi alimtazama, akamtazama Mama Wadudu, akatabasamu. "Bibi, kila mtaa unamwaga dawa ukisikia nakuja. Wewe ni wa kwanza kuniambia. Adhabu sina. Majibu yatatoka kwenye maji yenyewe."

Majibu yalikuja wakati mwenyekiti yuko kwenye kiti cha Kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado. Simu ililia, akaipokea, akaitikia "ndiyo" mara kadhaa kwa ile sauti ya muhuri, kisha muhuri ukamtoka. Alitimka nje na shuka ya kunyolea ikipepea shingoni, akapita katikati ya mtaa na nusu ya kichwa chake, akipaza sauti, "Tumefaulu! Tumefaulu! Kibali tumepata!" Kinyozi naye nyuma yake, wembe mkononi, hivi kwamba mgeni angeita polisi. Walimkuta Mama Wadudu anasafisha chujio. Aliweka brashi chini, akaifuta mikono kwenye gauni, akauliza, "Walisema maji yangu ni mazuri kiasi gani?" Hakuwaacha waende mpaka wamwambie yote mara mbili. Mchana ule nguo zilitundikwa kwenye kila kamba, na hata kwenye miti.

Mwisho wa mwezi dada yake Mama Kinyozi alikuja kutembea. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye pete, aliyezoea kuuliza maswali kwa kupanga. Vikombe vya wageni vilifunuliwa. Mama Wadudu, ambaye alikuwa ametoka mtamboni hivi punde, alipitia mlango wa nyuma kimya kimya, akavua buti, akaanza kutafuta gauni la mtu wa ofisini. Alikuwa ameamua kuubeba ule uongo kwa siku hizo chache, kwa ajili ya heshima ya mama mkwe. Sebuleni akasikia swali.

"Na huyo mkwe wako wa ofisi ya maji, leo hayupo?"

Mama Wadudu akabaki na gauni mkononi. Alisikia tu nyayo za mama mkwe zikija jikoni, zikasimama dirishani, zikarudi. Alipochungulia, aliona chupa ya tope imewekwa katikati ya meza ya wageni, kati ya birika na sahani ya biskuti, maji yake yakiwa bado yanazunguka kwa kubebwa.

"Toba!" dada alivuta kiti nyuma. "Nini tena hiki?"

"Kazi ya mkwe wangu," alisema Mama Kinyozi. "Hayuko ofisini. Nilikudanganya miaka yote hii. Mtaa mzima ukijisaidia, yeye ndiye anayehakikisha watoto hawaugui. Wanamwita Mama Wadudu. Anafuga." Akageuza uso kuelekea mlangoni na kuita kwa ile sauti yake ya simu, "Mwanangu! Njoo hivyo hivyo na hayo maguo yako ya kazi, mama yako mkubwa akuone!"

Mama Wadudu alitoka, miguu mitupu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Dada mtu alimtazama, akaitazama ile chupa yenye maji ya kahawia, akafungua mdomo aulize.

"Nyamaza kwanza," Mama Kinyozi alimwambia, akimsogezea kikombe. "Kunywa chai. Subiri litulie, uone."